Sekunde 11

JUMATATU

Leo nimeanza mazoezi. Sikuyaomba. Wiki iliyopita kulikuwa na kikao cha wazazi hapa Rusimbi, uwanjani, chini ya mwembe. Ajenda ilikuwa moja. Mpwa wangu amerudi kutoka Dar es Salaam alikokuwa akijifunza sarakasi, na anataka kuwafundisha watoto wa mtaa mchezo wa ringi. Ringi ni duara la chuma linaloning'inizwa kwa kamba. Mtu anapanda, anakaa ndani yake, anajikunja, anajigeuza kichwa chini, watu wanapiga makofi. Wazazi wakasema hawana neno, ila watoto wao hawataning'inia kwenye kitu ambacho hakuna mtu mzima aliyekijaribu. Akatafutwa mtu mzima. Mimi muda huo nilikuwa dukani nanunua vocha. Nilichaguliwa kwa kauli moja, na niliporudi nilikuta wameshafunga kikao kwa dua.

Nina miaka 44 na kazi yangu ni ukarani. Kitu kizito ninachonyanyua kwa kawaida ni faili la mwaka mzima, na hilo nalo huwa nalisukuma mezani. Mpwa wangu alinitazama mabega, akazunguka nyuma, akarudi mbele. "Mjomba," akasema, "ringi tuliache kwanza. Tujenge msingi." Nikamwambia saruji imepanda bei.

Msingi wenyewe ni kuning'inia. Hakuna zaidi. Unashika tawi kwa mikono miwili, vidole gumba vimezunguka upande wa pili, miguu inaiacha ardhi, unakaa hapo. Lakini usikae kama shati kambani. Mabega unayashusha yaende mbali na masikio, na hapo ndipo ile misuli mipana inayotoka mgongoni mpaka chini ya kwapa inaanza kula mshahara wake. Bega, akanieleza, ndicho kiungo chenye uhuru mwingi kuliko vyote mwilini, na ndicho kinachoongoza kwa kuteguka. Nilimsikiliza kwa taadhima yote. Kisha nikashika tawi. Sekunde 4. Saa ilikuwa ya simu yake, na upande wangu haukuwa na shahidi.

Nyuma yangu watoto walikuwa wameshapanga foleni. Walidhani ni mchezo wa kupokezana. Wa kwanza alikuwa mtoto wa kike wa darasa la pili. Aliniamkia, akarukia tawi, akaning'inia huku akinisimulia ugomvi uliotokea shuleni, nani alianza, nani alilia, mwalimu alisema nini, mpaka ugomvi ukaisha. Begi la shule hakulivua.

JUMANNE

Nimeamka mikono haitaki kuvuka kifua. Mswaki nimeushika palepale ulipofikia, nikawa natembeza kichwa. Mama Mkubwa, ambaye naishi naye, alinikuta katika hali hiyo akasimama mlangoni kwa muda. Alichosema ni kwamba chai iko tayari.

Siku ya pili ni ya kupumzika. Hili si la hiari yangu, ni kanuni. Misuli hujijenga mtu akiwa amepumzika, na kano zinazoishikiza kwenye mifupa huchelewa zaidi kuliko misuli yenyewe. Anayejiona ana nguvu baada ya wiki tatu akakimbilia juu, kano ndizo zinazomkumbusha tarehe. Kwa hiyo mapumziko yangu niliyatumia kwenda Mwanga kwa fundi wa kuchomelea, kuagiza ringi ambalo siruhusiwi kuligusa.

Vipimo nilivibeba kwenye karatasi: bomba la chuma lenye unene wa sentimita 2.5, duara la sentimita 95 kutoka ukingo mpaka ukingo. Fundi alisoma, akageuza karatasi, akasoma na upande mtupu. Kisha akafanya kazi nzuri kuitazama. Alilijaza bomba mchanga ili lisibonyee kwenye mkunjo, akaziba ncha, akalipasha moto, akaanza kulizungushia rimu ya lori kidogo kidogo. Zilipobaki ncha mbili tu za kuunga, umeme ukakatika. Fundi akakaa. Mimi nikakaa. Wateja wengine watatu nao wakakaa, mmoja wao akiwa ameegemea geti lake zima. Tulizungumzia Simba na Yanga mpaka saa 11 jioni. Mwenye geti alitukumbusha kila baada ya dakika 10 kwamba yeye ndiye wa kwanza, na hakuna aliyembishia kwa kuwa hakukuwa na cha kuwa wa kwanza.

"Njoo kesho, bosi," akasema fundi. Nikamuuliza kesho ipi. Akasema hii hii.

JUMATANO

Alfajiri, kabla ya kazi: sekunde 6. Ningefika 7, ila jasho la viganja lilikuwa na safari zake.

Wenye mchezo wao hupaka mikononi unga mkavu wa magnesia, unanyonya jasho na mkono unashika. Nilikwenda duka la dawa kuuliza magnesia. Nilipewa dawa ya kiungulia. Nikajaribu chaki ya ubaoni, ikateleza kuliko jasho lenyewe. Mwisho nikaingia jikoni nikachota kikombe kimoja cha unga wa muhogo. Kwa macho hauna kasoro: mweupe, laini, mkavu. Tatizo ni kwamba unga wa muhogo ukikutana na maji na joto una jambo moja tu unalolijua. Kwenye jua la saa 10 alasiri, tawini, viganja vyangu vilianza kusonga. Niliporudi, Mama Mkubwa aliuliza kikombe chake cha unga kimekwenda wapi. Nikamwonyesha mikono. "Haya, kula," akasema.

Jioni nimeongezewa masomo. Pushapu mikupuo mitatu, mara 8 kila mkupuo, magoti chini kwa heshima ya umri. Kisha kupanda kigoda mpaka kidevu kivuke tawi, halafu kuiachia miguu na kushuka polepole kwa hesabu ya 5. Mpwa anasema mwili huweza kushuka polepole kabla haujaweza kupanda, na kila anayejivuta leo alianza kwa kushuka. Nilishuka kwa hesabu ya 1. Alikuwa hajamaliza kuitamka.

Zoezi la mwisho linaitwa mtumbwi. Hilo jina kalitunga yeye kwa ajili ya watoto wa ziwani, na limekaa. Unalala chali kwenye mkeka, unainua mabega, unainua miguu, kiuno kinabaki kimegandamana na sakafu. Mwili unakuwa na umbo la mtumbwi, ncha mbili juu na tumbo chini. Asiyeweza kuwa mtumbwi chini, akienda juu anakuwa gunia. Nilikuwa kwenye sekunde ya 9, natetemeka vizuri, jogoo wa jirani akanipanda tumboni na kuangalia upande wa ziwa. Mpwa wangu akasema uzito kidogo unasaidia.

Usiku alinionyesha Ramadhani Brothers kwenye simu, wale Watanzania walioshinda America's Got Talent: Fantasy League mwezi Februari 2024. Mmoja anasimama kichwa chini juu ya kichwa cha mwenzake, miguu mbinguni, na wa chini anatembea kama mtu anayekwenda sokoni. Nilitaka sana kuona wanavyoachana. Bando likaisha. Kwangu mimi bado wako pale.

ALHAMISI

Mpwa wangu anaamini mtu asivute tawi tu kila siku, avute na vitu vingine. Akanipeleka ufukweni Ujiji. Mwezi ni mpevu, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa hawana haraka ya kwenda majini. Dagaa huvutwa kwa taa gizani, sasa mbingu yote ikiwa imewashwa, taa ya mtu inakuwa ya nini. Huu ndio wakati wa kupandisha mitumbwi nchi kavu na kuziba nyufa. Watu kama 12 walikuwa wamejipanga kwenye kamba, na mmoja akiimbisha. Nikaomba kusaidia. Walinipokea kwa adabu, yaani hawakucheka wakati ule.

Nilichagua kamba iliyokuwa haina watu wengi. Haikuwa na mtu. Nikakanyaga mchanga, nikashusha mabega kama nilivyofundishwa, nikavuta kwa kiitikio. Mbele yangu kulikuwa na ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye sentimita 30 zake nikiona fahari. Wimbo wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha. Mtumbwi ulipanda, watu wakapongezana, mimi bado navuta. Ndipo mzee mmoja akanigusa bega, lile lile linalouma, akaniambia kwa upole kwamba kamba niliyoshika ni ya mtumbwi mwingine, na imefungwa kwenye mti.

Mpwa wangu alisema hakuna kilichopotea. Misuli inayovuta kitu kisichosogea nayo hupata nguvu, na hilo ni zoezi halali kabisa. Mwenye mtumbwi alitaka tu kujua fundo lake litafunguka vipi.

Wakati wa kurudi nilipumzika karibu na kumbukumbu ya Livingstone. Hapa ndipo Novemba 1871 Stanley alipomkuta mzee wa watu, mgonjwa, kachoka, kaishiwa, akavua kofia na kumsalimu kwa heshima ambayo hadi leo watu wanasafiri kuja kuisikia. Nilikaa kivulini katika hali hiyo hiyo kwa nusu saa. Alikuja kijana mmoja. Aliuliza kama mimi ndiye ninayeuza maji.

IJUMAA

Bega la kulia limegoma rasmi. Nilikwenda zahanati saa 1 asubuhi, nikakaa kwenye benchi. Saa 3 nikagundua benchi lile ni la kliniki ya wajawazito. Hakuna aliyeniambia. Mama aliyekuwa pembeni yangu alisema walidhani namshikia mtu nafasi.

Nikahamia benchi langu, mwisho wa mstari. Utaratibu pale ni kwamba jina likiitwa unanyoosha mkono. Jina langu likaitwa. Nikatazama mkono. Ukanitazama. Jina likaitwa mara ya pili, kisha wakaendelea na anayefuata. Nilipojieleza dirishani nikaambiwa tatizo si kuitwa, tatizo sikunyoosha mkono. Nikasema ndicho kilichonileta. Wakasema basi nimweleze daktari.

Daktari alikuwa kijana mpole. "Umefanya nini, mzee?" Nikamwambia nimening'inia. "Kwa nini?" Nikamwambia nilichaguliwa. Aliandika kwa muda mrefu kuliko maelezo yenyewe. Akalizungusha bega, akasema hakuna kilichochanika, ni misuli imeshtuka kwa kuvuta ghafla kitu kisichosogea. Nikashangaa amejuaje habari za mti. Ujiji ni ndogo.

Akaniagiza siku mbili bila kuning'inia, kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na nikirudi nianze na miguu ikigusa chini, uzito nusu mikononi, nusu miguuni. Maumivu ya misuli iliyochoka niyavumilie, maumivu yanayochoma ndani ya kiungo niyatii. Ni maneno ya maana. Mpwa wangu aliniambia yale yale Jumatatu, bure na bila foleni.

Jioni nilimpitia jirani yangu anayekamua mawese. Umri wake umevuka 70. Sikumkuta chini. Nikasikia panga juu ya mchikichi, nikaamkia mti. "Marahaba, kijana," mti ukaitikia. Alikuwa amezungusha kamba kiunoni na shinani, miguu imekanyaga magamba, mkono mmoja unakata na mwingine unamshikilia, na anazungumza bila kuhema. Yeye hajawahi kufanya mazoezi ya mabega. Ana michikichi tu.

Aliposikia habari zangu alikumbuka jambo. Akasema enzi za Mwalimu, mwaka 1965, serikali ilichagua vijana 20 ikawapeleka China kujifunza sarakasi. Walikaa miaka minne. Waliporudi ndipo kikaundwa kikundi cha taifa cha sarakasi, 1969, na watu wakawa wanajaa viwanjani kuwatazama. Vijana, miaka minne, walimu wa Kichina. Mimi nimepewa wiki 6, na ukarani humo humo.

Kabla hajashuka aliangusha mkungu mmoja wa chikichi, mzito, umejaa miiba. Akaniomba niusogeze pembeni usije ukamkwaza. Alishuka, akauzunguka.

JUMAMOSI

Siku ya mapumziko kwa amri ya daktari. Fundi alipiga simu kusema ringi ni tayari tangu Alhamisi, na akauliza kwa masikitiko mbona nachelewa.

Nilipoliona nililizunguka mara moja. Nikasema, fundi, hili ni yai. Akarudi nyuma hatua nne, akakunja jicho moja. "Ukilitazama kutoka hapa ni duara." Nikaenda nikasimama alipo. Ni kweli, kutoka pale lilikuwa na afadhali. Kiunganishi alikichomelea vizuri, amekisugua mpaka mkono haukwaruzwi, na hilo ndilo mpwa wangu alilolisisitiza, kwa kuwa ringi halikatiki pengine isipokuwa kwenye kiunganishi. Nikalipa. Nilipouliza upande upi ndio juu, akaniambia nitalizoea.

Tatizo lililofuata ni usafiri. Bodaboda wa kwanza alikataa. Wa pili alisema nilivae shingoni, nikavaa, akaondoka kumwita mwenzake aje anione. Nikaishia kwenye daladala la Ujiji. Kondakta alisema ringi linachukua siti. Nikamwambia nitalipakata. Akasema nikilipakata nitachukua siti tatu. Tukaafikiana nauli mbili, yangu na ya ringi, kisha akapandisha abiria wawili wakakaa ndani ya ringi, mmoja akiwa na kuku. Kwa njia hiyo tumefika Rusimbi. Ringi lilikaa dirishani.

Mama Mkubwa alilipokea mlangoni kwa furaha ambayo sikuitarajia. Alilifuta vumbi, akalipima kwa khanga. Ningeuliza, lakini nilikuwa nimekwenda kutafuta maji ya uvuguvugu.

JUMAPILI

Bega limetulia. Saa 12 asubuhi nilikuwa chini ya mwembe, na mpwa wangu, na simu yake. Kwanza miguu ikigusa chini, kama nilivyoagizwa. Nikashusha mabega, nikasikia ile misuli ya kwapani inashika kazi, kitu ambacho Jumatatu sikujua ninacho. Nikakunja magoti polepole, miguu ikaiacha ardhi. Tawi lilikuwa na ubaridi wa umande. Nikaona siafu wawili wanapita baina ya mkono wangu wa kushoto na wa kulia, wamebeba kitu. Sikupumua, kisha nikakumbuka kupumua. Malengelenge matatu yalipasuka kwa mpangilio. Nilipofika chini mpwa alinionyesha simu. Sekunde 11. Karibu mara tatu ya Jumatatu, kwa mtu anayependa hesabu. Nilitazama pembeni kama kuna aliyeona. Kulikuwa na mbuzi.

Nikarudi nyumbani kulitazama ringi kwa jicho jipya. Halikuwepo. Mama Mkubwa alikuwa ameliazimisha kwenye harusi, mtaa wa pili. Waliopamba walikuwa wamekosa kitu cha duara cha kuweka maua nyuma ya bwana na bibi harusi. "Si ulisema huruhusiwi kuligusa mwezi huu?" akaniuliza. Sikuwa na jibu la maandishi.

Harusini nililiona kutoka mbali. Wamelisimamisha kwenye vigingi viwili, wamelizungushia maua ya plastiki na taa ndogo zinazowaka kwa zamu. Mshereheshaji alitangaza kwamba limetengenezwa kwa umbo la moyo, na ukumbi ukapiga vigelegele. Fundi angesikia, angeongeza bei.

Njaa ilikuwa inauma. Niliona foleni ndefu upande wa mapambo, watu wamesimama kwa utulivu, nikajua ni ya pilau. Nikachukua sahani nikajipanga. Vidole havikunji vizuri, kwa hiyo sahani niliibeba juu ya viganja viwili kama mtu anayetoa sadaka. Foleni ilikwenda taratibu mno kwa foleni ya chakula. Nyuma yangu alikuwa yule mtoto wa darasa la pili, leo hana begi. "Shikamoo, mjomba. Na wewe unapiga picha?" Nikamwambia nafuata pilau. Akanyamaza kwa namna ambayo ningeielewa mapema zaidi.

Ilipofika zamu yangu nilisogezwa mbele na mpiga picha, mzee pita hapa, mguu ndani, mwingine ndani, tazama huku. Taa ikamulika. Nimepigwa picha nikiwa nimesimama katikati ya ringi, maua masikioni, sahani tupu mikononi. Ni mara yangu ya kwanza kuingia ndani ya ringi.

Wazazi wawili waliokuwa kwenye kikao walikuwa wameketi mstari wa mbele. Niliwaona wakinong'ona. Mmoja akasimama, akamwita mpwa wangu, akamwambia basi, yameisha, mtu mzima ameshaingia na ametoka salama, watoto waanze kesho. Mpwa wangu alishukuru. Kisha akanifuata akaniambia nami nisichelewe, saa 12 kamili, tawi lile lile.

Ringi litarudishwa Jumanne, kuna harusi nyingine kesho. Nilipoifikia foleni ya pilau yenyewe haikuwa na mtu. Kwenye sufuria ulikuwa umebaki ukoko, na umeshika kweli kweli.